Waifai Inashika Sebuleni Tu? Hivi Ndivyo Unaifikisha Rumu Zote Bila Kuongeza Pakeji

Hii stori iko karibu kila keja yenye imewekwa faiba Nairobi. Sebuleni video inacheza bila shida. Ukiingia rumu ya kwanza inaanza kuzungusha kale kaduara. Ukifika rumu ya mwisho simu inarudi kwa bando zako kimyakimya, na kesho yake unajiuliza bando ziliisha saa ngapi na kwa nyumba kuna waifai ya kulipiwa kila mwezi.

Ingekuwa ni muvi tu, ungevumilia. Lakini siku hizi hiyo rumu ya nyuma ndio ofisi. Hapo ndipo msee hujifungia afanye kazi za mtandaoni. Hapo ndipo unakaa na shati safi juu na shoti chini ukifanya intavyuu ya Zoom, ju sebuleni mathe anacheki habari na watoi wanapiga kelele. Uso wako ukiganda katikati ya swali, yule anakuhoji hatajua shida ni ukuta. Ataona ni wewe. Na mkiwa wasee watatu mnachanga doh sawa halafu mmoja ndio hupata baa moja, bifu iko njiani.

Kitu wengi hukimbilia ni kupigia kampuni simu waongezewe spidi. Tulia kwanza. Pakeji kubwa inajaza tangi, haikuletei bomba hadi rumu yako. Kama signali haifiki huko nyuma, hata ulipie mara mbili, utakuwa tu umelipa mara mbili kwa raha ya sebuleni.

Pima kwanza, usikisie

Simama mita moja ama mbili kutoka kwa ruta, fungua fast.com ama Speedtest, andika namba mahali. Hakikisha simu iko kwa waifai na umezima data. Sasa nenda rumu ya mwisho, funga mlango venye huwa unafunga, pima tena. Rudia mara tatu hivi, ju kipimo kimoja kinaeza kukudanganya.

Tuseme unalipia megabiti 15 na karibu na ruta unapata 14. Hapo kampuni imekupea haki yako. Kama huko nyuma unapata 1, zile 13 zimepotelea ndani ya nyumba yako mwenyewe na hiyo ndio kazi ya leo. Lakini kama hata mita moja kutoka kwa ruta unapata 3, hiyo ni kesi ingine, tutaifikia mwishoni.

Na usidharau hizo 15. Netflix wenyewe wanasema muvi ya picha safi, ile ya 1080p, inataka megabiti 5. Kumaanisha laini ya 15 inaeza kulisha TV tatu kwa wakati mmoja kama signali inafika kwa hizo TV. Pia kumbuka megabiti si megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8, ndio maana laini ya 15 ikipakua faili inakuonyesha 1.8 hivi na unadhani umeibiwa.

Ukiwa na Android, pakua apu ya kupima waifai, za bure ziko mob. Itakuonyesha nguvu ya signali kwa kipimo kinaitwa dBm. Hizo namba zinachanganya ju ziko chini ya sufuri, so ikikaribia sufuri ndio poa. Ukiona -50, uko juu. -60 bado uko sawa. -67 ndio mpaka wa simu za video zenye hazikatikatiki. Ukifika -75 meseji zitaingia mos mos, na kutoka -80 kuendelea hapo unashika hewa. iPhone huwa zinaficha hizi namba, so wewe tumia tu kile kipimo cha spidi. Tembea keja yote, chora ramani ya nyumba nyuma ya risiti, andika namba kwa kila rumu. Ni dakika kumi tu na utajua ni ukuta gani unakuchezea.

Ukuta ndio unakula

Nyumba nyingi huku zimejengwa na mawe ya kuchongwa, yale ya Ndarugo na machimbo mengine, halafu plasta pande mbili. Waifai ni mawimbi ya redio, na kila ukuta wa mawe unayapunguza. Ukuta wa pili unapunguza kile kimebakia. Slabu ya gorofa ni noma zaidi, ju ndani yake kuna saruji na vyuma vimepangwa kama wavu. Mabati, mlango wa chuma, friji na kile kioo kikubwa cha kabati vinarudisha mawimbi yalikotoka. Tangi la maji linayameza. Ndio unaona kwa muvi za ng'ambo ruta moja inafika nyumba nzima: huko kuta nyingi za ndani ni mbao na bodi nyepesi. Ushauri wa huko ukiubeba venye ulivyo ukaweka kwa flati ya mawe, utakuangusha.

Kitu ingine ni bendi. Ruta nyingi za siku hizi zina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 iko na mbio lakini ukuta unaimaliza haraka. Ya 2.4 inapenya mbali zaidi lakini ni ya polepole, na kwa flati imejaa majirani. Kama ruta yako imeweka majina mawili tofauti, sebuleni tumia ya 5, rumu ya mbali jaribu ya 2.4 kabla hujatumia hata bob moja. Kuna wasee wamesumbuka mwaka mzima na dawa ilikuwa hiyo tu.

Hamisha ruta, hiyo ni ya bure

Ruta yako iko mahali iko ju fundi wa kampuni aliingia na mlango, akaona TV, akaona soketi, akamaliza kazi akaenda nyumba ingine. Hakuna mtu alifikiria rumu ya nyuma. So kwa keja nyingi ruta inakaa kona moja ya nyumba, chini, nyuma ya TV, na nusu ya signali inaenda kwa ngazi za ploti kuburudisha wapita njia.

Itoe hapo. Mahali pazuri ni katikati ya nyumba, juu, kwa korido kama iko. Juu ya kabati ni sawa, ndani ya kabati si sawa. Antena zisimamishe wima, ju signali hutoka kwa mbavu za antena, si kwa ncha. Kuielekezea rumu yako kama bunduki ndio kosa la kila mtu. Kama nyumba ni ya gorofa, laza moja upande ndio ipeleke kitu juu na chini.

Sasa, ule waya mwembamba wenye unaingia kwa kisanduku cha faiba, usiuguze ovyo. Ndani ni kioo chembamba, ukiukunja kona kali mwanga unapotea, ukiukata umelala giza hadi fundi arudi. Kama hauna urefu, ita kampuni wakuhamishie. Wengine hutoza kitu kidogo, uliza kabla hawajatuma mtu. Kama kisanduku cha faiba na ruta ni vitu viwili tofauti, una bahati: kisanduku kibaki ukutani, ruta uivute na kebo ya kawaida hadi katikati.

Ukiwa hapo ndani ya setingi za ruta, cheki chaneli ya 2.4. Ziko nyingi lakini zile hazikanyagani ni tatu: 1, 6 na 11. Ile apu itakuonyesha majirani wamejazana wapi. Wewe enda yenye haina watu.

Ripita: rahisi, lakini ujue unanunua nini

Hiki ndio kitu utauziwa Luthuli Avenue kabla hujamaliza sentensi. Kadude kadogo, unachomeka kwa soketi, kanashika waifai na kuirudia. Kanafanya kazi, siwezi danganya. Shida ni mbili.

Ya kwanza, ripita ya bei ya chini ina redio moja. Lazima isikie kwanza ndio iseme, na haiwezi kufanya zote mbili kwa wakati mmoja, so spidi inakatwa nusu ama zaidi. Ukinunua, tafuta yenye iko na bendi mbili, ndio iongee na ruta kwa bendi moja na iongee na simu yako kwa ile ingine.

Ya pili ni mahali watu huiweka. Rumu haina signali, so msee anachomeka ripita hapo hapo kwa rumu haina signali. Sasa irudie nini? Ripita ni kama ile beshte ya kupeleka udaku. Kama yenyewe haijaskia vizuri, itasambaza upuzi. Iweke katikati ya njia, mahali apu bado inasoma -60 hivi ama -65, mlango ukiwa wazi kama inawezekana. Simu itaonyesha baa zote ukiwa karibu na ripita, lakini hizo baa ni za kati yako na ripita, si za kati ya ripita na ruta. Usizishangilie kabla ya kupima spidi.

Kwa mtu anaishi one bedroom na anataka tu WhatsApp na YouTube kitandani, ripita ya bendi mbili imetosha. Kwa mtu anatafuta riziki na Zoom, soma inayofuata.

Kebo na ruta ya zamani

Hii ndio njia wauzaji hawakuambii ju haina faida kubwa kwao. Unapitisha kebo ya mtandao kutoka kwa ruta kubwa hadi rumu ya nyuma, na huko mwisho unaweka ruta ingine izalishe waifai mpya. Ukuta hauna la kusema tena. Signali haitembei hewani, inatembea ndani ya shaba, na inafika na spidi yote. Kebo moja inaeza kwenda hadi mita 100, na hakuna keja yako yenye inafika hapo.

Na ruta ya pili si lazima iwe mpya. Ile ulibaki nayo ulipohama kampuni ya kwanza, kama ni yako na si ya kurudishwa, iko droo gani? Ya mtumba pia inafanya, bora ukiinunua uione ikiwaka.

Kebo yenyewe, uliza Cat5e ama Cat6. Cat5e inabeba hadi gigabiti moja, kwa nyumba ya kawaida imemaliza kazi. Chunga kitu inaitwa CCA. Hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba nje, ni nyepesi, inavunjika ukiikunja, na inauzwa na jina la Cat6 kama kawaida. Kwaruza uzi mmoja na kisu: ukiona ndani ni nyeupe kama sufuria, rudisha. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Pima njia na kamba kwanza, kupanda na kushuka kwa milango, halafu ongeza mita mbili. Hapo dukani watakuwekea vichwa vya RJ45 pande zote. Ukitaka kujiwekea mwenyewe, mpangilio wenye kila mtu hutumia unaanza kushoto, ulimi wa kichwa ukiangalia chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifanane. Nyuzi zote nane zishike, ju zikishika nne pekee laini itafanya kazi lakini itakwama kwa megabiti 100, na utatafuta shida kwa ruta bure.

Kabla hujatoboa chochote, bonga na keateka ama mwenye nyumba. Hiyo shimo moja ya ukuta inaeza kula dipositi yako siku ya kuhama. Na mara nyingi huhitaji kutoboa. Kuna kebo bapa zenye zinapita chini ya mlango bila kuumia. Kuna pembe ya dari, unaibandika na vile vibanio vya misumari juu ya fremu za milango na hakuna mtu ataiona. Kuna dirisha kwa dirisha upande wa nje, lakini hapo nunua ya nje, ile nyeusi nzito, ju jua la huku litapasua ya ndani. Usiipitishe ndani ya paipu moja na nyaya za stima. Na kama unataka kuvuka kiwanja hadi nyumba ingine kama servant quarter, usitandaze shaba hewani kati ya majengo mawili. Radi ikipiga karibu, inafuata huo waya na inamaliza vyombo pande zote mbili. Hapo watu hutumia antena mbili ndogo za nje zinaangaliana, ama faiba.

Sasa setingi, na usiogope, unafanya mara moja tu. Ruta ya pili ianze ikiwa pekee yake, bado hujaiunganisha na ile kubwa. Bonyeza kale katundu ka riseti sekunde kumi, iunganishe na laptopu, ingia kwa anwani imeandikwa kwa stika chini yake. Cheki kama kuna mahali pameandikwa AP. Kama iko, chagua hiyo, weka jina la waifai na paswadi, chomeka kebo kwa tundu la WAN, umemaliza.

Kama haina, kuna njia ya zamani. Badilisha anwani ya hiyo ruta ya pili isigongane na ya kwanza. Ikiwa kubwa ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, na uhakikishe kubwa haigawii mtu mwingine hiyo namba. Halafu zima DHCP kwa hii ya pili. DHCP ndio hugawia kila simu namba yake kwa nyumba, na ukiacha ruta mbili zikigawa, simu moja itapewa njia nzuri na ingine itapewa njia haina mwisho. Huo ndio ule ugonjwa wa "imeunganishwa lakini haina intaneti". Mwisho, chomeka kebo kwa tundu la LAN, si la WAN. Tundu la WAN liache bila kitu.

Jina la waifai na paswadi ziwe sawa na za ruta kubwa ndio simu ihame yenyewe ukitembea. Chaneli ziwe tofauti: moja 1, ingine 11. Simu zingine ni mkaidi, zinang'ang'ania ruta ya sebuleni hadi signali ife kabisa. Zima waifai uwashe, itashika ya karibu.

Ukiwa na kompyuta ama TV hapo nyuma, chomeka kebo moja kwa moja kutoka kwa hiyo ruta ya pili. Msee wa gemu, hii ndio tiba yako. Kuganda ukiwa karibu kufunga bao mara nyingi si spidi, ni hewa.

Meshi, na zile adapta za stima

Meshi ni visanduku viwili ama vitatu vyenye vimetengenezwa kuongea kama kitu kimoja. Jina moja, apu moja, simu inahamishwa vizuri kutoka kisanduku hadi kisanduku. Kwa maisonette ya gorofa mbili yenye familia kubwa ni kitu safi, na bei yake inajua hivyo. Lakini visipounganishwa na kebo, bado vinapitisha mawimbi kwa ukuta ule ule wa mawe. Kama slabu yako iliua ripita, itaumiza na meshi. Nyingi zina tundu la kebo, litumie. Mtu wa bedsita akiuziwa meshi ya visanduku vitatu, ameuziwa hewa.

Adapta za stima zinatumia nyaya za ukuta kubeba intaneti: moja unachomeka karibu na ruta, ingine rumu ya mbali. Zichomeke kwa soketi ya ukuta, si kwa ekstensheni. Matokeo yanategemea fundi wa stima alifanya nini wakati wa kujenga, na zile namba kubwa kwa boksi hutaziona. Nunua tu mahali wanakubali urudishe.

Stima ikienda

Kila kisanduku unachoongeza kinataka stima. Ruta inakula wati 10 hivi, so mbili zikiwaka usiku na mchana ni karibu uniti 14 za tokeni kwa mwezi. Na tokeni zikiisha, ama mtaa mzima ukipotea, faiba yenyewe inaeza kuwa bado iko hai huko nje. Ni ruta tu imezima. Kuna UPS ndogo za kukaa nyuma ya ruta, betri ya kushikilia masaa kadhaa. Kabla ya kununua, soma kwa adapta ya ruta: ni volti 12 ama 9, na ampea ngapi. Ukikosea volti unachoma. Na kumbuka ile ruta ya rumu ya nyuma pia inataka yake, ama intavyuu itakatikia hapo hapo.

Jirani ameomba paswadi

Ukishafikisha waifai kila kona, ploti nzima itajua. Hapa fikiria vizuri, ju laini imeandikishwa kwa jina lako. Mtu akiitumia kutapeli ama kutishia mtu mtandaoni, alama zinarudi kwa akaunti yako kwanza, na wewe ndio utaanza kujieleza. Kuuza intaneti kwa majirani kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kampuni nyingi zinakataza kwa mkataba wenye hakuna mtu husoma. Upande ule mwingine pia: kuingia waifai ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018. Kwa hivyo zile apu za "kufungua waifai ya jirani", achana nazo.

Kwa wageni, washa mtandao wa wageni kama ruta inao. Wanapata intaneti lakini hawaoni laptopu yako wala hiyo ruta. Weka ulinzi wa WPA2 ama WPA3, zima WPS, na ubadilishe ile paswadi ya kuingia kwa setingi, maanake ni tofauti na ya waifai na mara nyingi imebaki ile ya kiwandani. Fanya hivyo kwa ruta zote mbili. Watu hukumbuka ya kwanza na kusahau ya mtumba.

Kama ni karibu na ruta pia inasumbua

Tulisema tutarudi hapa. Chomeka laptopu kwa ruta na kebo, toa kila mtu kwa waifai, pima asubuhi, pima saa mbili usiku, siku tatu mfululizo. Piga picha za skrini zenye saa inaonekana. Ikiwa asubuhi unapata yote na usiku unapata robo, laini ya mtaa imejaa na hiyo si kazi yako. Ikiwa ni chini siku nzima, cheki kwanza ule waya wa faiba haujakunjwa nyuma ya meza, halafu cheki ile taa ya LOS kwa kisanduku kama inawaka nyekundu. Hapo sasa piga simu, na uwape hizo namba, saa ulizopima na uwaambie ulipima na kebo. Ukisema tu "intaneti inasumbua", mtu wa kastoma kea atakuambia uzime ruta uiwashe tena, na ako sawa, ju hujampea kitu ingine ya kufanyia kazi.